Moshi wa Asilimia Saba

Mtaani kwa shangazi yangu hakuna aliyewahi kuielewa kazi yangu, na mimi nilishachoka kuieleza. Nikisema niko idara ya hewa, wananiuliza kama mvua itanyesha Jumamosi. Nikisema hapana, mimi natafuta moshi unatoka wapi, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mtu asomeshwe mpaka nywele zimtoke ili atafute moshi unatoka wapi! Si anyanyue shingo tu? Wananyoosha vidole, wote upande mmoja, kwenye bomba la kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, halafu wanataka kujua mshahara wangu unalipwa na nani.

Shangazi ndiye aliyecheka kuliko wote. Ni dada wa marehemu baba yangu, fundi cherehani, na ndiye aliyenilea. "Mwanangu amesoma," alikuwa akiwaambia wateja wake huku sindano ziko mdomoni, "ila ukimwuliza pua yake iko wapi, lazima kwanza awashe kompyuta."

Siku zile kicheko chake kilikuwa kikiishia njiani. Kilianza vizuri, kisha kikageuka kikohozi, na kikohozi kikampeleka mpaka kwenye kiti. Daktari wa kifua alimwambia mbele yangu, bila kumung'unya maneno, kwamba mapafu yale hayatamaliza miaka miwili katika hewa ile. Ahame. Shangazi akamwuliza kama yeye daktari angehama nyumba aliyoijenga kwa kuwapindia watu suruali. Daktari akatazama dirishani. Nikamwomba aje akae kwangu, akasema chumba changu kinatosha mimi na mswaki wangu, na mswaki wenyewe umebanwa.

Kwa hiyo ilibaki njia moja. Yeye hatoki, basi kitoke kiwanda. Leseni yao ilikuwa inaisha mwaka ule, na watu wa mtaa walikuwa wamelisumbua baraza la mazingira mpaka baraza likaona bora liwasikilize. Likaamua hivi: idara yetu ipime hewa ya mtaa na ikokotoe. Ikionekana kwamba theluthi moja au zaidi ya uchafu wake unatoka kiwandani, leseni haitolewi tena. Ikiwa chini ya hapo, kiwanda kinapewa miaka mingine mitano. Shangazi hakuwa na miaka mitano.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu nikamwomba kazi ile asinipe mimi, kwa sababu shangazi yangu yumo ndani yake.

"Mji huu nani hana shangazi?" akasema. "Nenda kakae."

Alikuwa hana mtu mwingine. Idara nzima ilikuwa na watu wawili tu wanaojua kuendesha modeli ya kompyuta: mimi, na mwenzangu tuliyembandika jina la Desimali, mama mmoja mpole ambaye hata chumvi ya mboga huipima kwa kijiko.

Mashine ya kupimia hewa iliwekwa juu ya nyumba ya shangazi, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee ya mtaa ule yenye paa la zege na ngazi ya kupandia. Ukubwa wake ni wa ndoo ya maji. Ndani kuna pampu inayovuta hewa mchana na usiku, kichujio cha kunasa vumbi, na laini ya simu inayotutumia hesabu ofisini. Mkurugenzi alikuja siku hiyo na mpiga picha, akapanda juu, akafuta jasho, akatoa hotuba.

"Mama," akamwambia shangazi, "mashine hii ina thamani kuliko nyumba hii yote. Ikiharibika, hatuna nyingine. Itunze kama mboni ya jicho lako."

Mtu anasimama juu ya paa la mwenzake na kumwambia nyumba yako haifikii ndoo. Mimi nilitamani kumsukuma. Shangazi yeye akatabasamu.

"Sawa, baba. Nitaitunza. Na siku mkienda kununua ya pili, mninunulie na mapafu."

Watu wakavunjika mbavu. Mkurugenzi naye akacheka, kidogo, kama anayechekea Kiingereza cha bosi wake.

Sasa nieleze tunavyofanya, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Modeli yetu huanza kwa kukisia. Tunaorodhesha kila kinachotoa moshi: kiwanda, barabara kuu, majenereta, majiko ya mkaa, majalala yanayochomwa. Kila kimoja tunakikisia kinatoa kiasi gani. Kisha tunaingiza upepo, na kompyuta inausukuma ule moshi wa kubuni juu ya mji mpaka ufike kwenye paa la shangazi. Hapo tunalinganisha: sisi tumesema kiasi hiki, mashine inasema kiasi gani? Zikitofautiana, kompyuta inarudi nyuma na kurekebisha makisio. Aliyezidishiwa anapunguziwa, aliyepunjwa anaongezewa, tena na tena, mpaka hesabu yetu na ya mashine zipatane. Kanuni ya chumba chetu ni moja. Jicho linadanganya, pua inadanganya, shangazi anatia chumvi. Mashine haina shangazi.

Makisio yetu ya kwanza yalikipa kiwanda karibu nusu ya moshi wote. Niliona moyo unanienda mbio kwa furaha, na nikajisemea nitulie.

Kisha hesabu za juu ya paa zikaanza kuingia, na kompyuta ikaanza kukipunguzia kiwanda. Wiki baada ya wiki, ikakipunguzia. Kiwanda kile huwasha tanuru jioni, umeme unapokuwa nafuu, na huzima alfajiri. Kwa hesabu zetu, jioni ndiyo saa ambayo paa la shangazi lilipaswa kuzama ndani ya moshi. Mashine ikasema sivyo. Mashine ikasema mchana hewa ni mbaya, hasa akina mama wanapowasha majiko ya kupikia chakula cha kuuza. Lakini jioni ikiingia, hewa inakuwa safi. Safi kabisa.

"Haiwezekani," nikamwambia Desimali. "Shangazi ananiambia jioni hawaoni hata upande wa pili wa barabara."

"Wewe umeona?"

Sikuwa nimeona. Kiwanda kilijengwa nimeshahama mtaani; nilikuwa nakwenda kwake Jumapili mchana, na Jumapili kiwanda kinapumzika.

"Labda mashine ina hitilafu."

"Mchana inafanya kazi, jioni ina hitilafu, asubuhi imepona?" Desimali akavua miwani. "Hiyo ni hitilafu yenye saa ya mkononi. Wewe hesabu huitaki, ndugu yangu, na mimi nakuelewa. Lakini hatuwezi kutupa kipimo kwa kuwa kinatuuma."

Alikuwa sahihi, na ndiyo sababu nilimchukia kwa siku nzima. Nilimwomba fundi wa vipimo aende akaikague, akasema ratiba yake imejaa na mafuta ya gari hayapo; kwa simu, mashine ilikuwa inajibu kila swali vizuri. Kisha Desimali, kwa wema wake, akaleta maelezo. Jioni ardhi inapoa haraka, akasema, hewa ya chini inatulia kama maji ya mtungini, na moshi unaotoka kwenye bomba refu unapita juu ya tabaka hilo bila kushuka. Unaruka mapaa ya jirani na kwenda kuangukia mbali. Ni jambo la kweli, limo vitabuni, tumeliona kwingine. Tukachora picha zake kwa rangi, moshi mwekundu ukipita juu ya vijumba vidogo vya buluu. Zilikuwa picha nzuri sana. Tuliposhamaliza kuzichora, na mimi nikaamini.

Hesabu ya mwisho ilikuwa asilimia saba.

Mbele ya baraza niliisoma mwenyewe. Wakili wa kiwanda hakuwa na swali hata moja, alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana nami kama mjomba harusini. Shangazi alikaa mstari wa mbele, leso mdomoni, akinitazama kwa makini, kama alivyokuwa akinitazama nikisoma shule ya msingi, akiogopa nisije nikakwama kwenye neno gumu. Sikukwama. Kiwanda kikapewa miaka mitano. Na kwa kuwa modeli ilionyesha kwamba moshi mkubwa wa mtaa ni wa majiko ya mkaa, baraza likaamuru majiko yote ya barabarani yaondolewe. Wale akina mama waliokuwa wamechanga kumlipa wakili wao walirudi nyumbani bila wakili na bila majiko.

Mtaani nikawa na jina jipya: Saba. "Saba huyo anapita." Jirani wa ukuta kwa ukuta na shangazi, aliyekuwa akiuza chakula hapo nje na kunipa sahani bure toka nikiwa na meno ya utoto, aliacha kuitikia salamu yangu. Wengine walisema nimekula rushwa. Ningekuwa nimekula, angalau ningekuwa nimeshiba.

Shangazi peke yake hakunilaumu. "Umesoma ulichokiona," aliniambia. "Basi."

Hali yake ikawa mbaya mwezi uliofuata. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa naye siku chache, na hivyo ndivyo nilivyokuwepo pale, kwa mara ya kwanza katika mambo yote haya, jua lilipokuwa linatua siku ya kazi. Nilikuwa namenya viazi. Kwanza koo langu likaanza kuwasha. Kisha nikaona ukuta wa mbele unapotea. Moshi haukuruka paa lolote. Uliingia kwa mlango, kwa dirisha, kwa tundu la ufunguo, mzito, wenye ladha ya sarafu. Nikasimama na kisu mkononi kama mjinga, nikikumbuka vijumba vyetu vya buluu.

Shangazi akanyanyuka kitandani. Akachukua kitu kilichokuwa kimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa ngazi. Nilikuwa nimekiona kila Jumapili nikadhani ni koti la mteja mwenye umbo la ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Juu. Mara moja tu."

"Shangazi, lala. Kuna nini huko juu?"

"Kuna mashine," akasema, kama mtu anayemjibu mtoto. "Utaiacha kwenye moshi huu? Si itaharibika?"

Alipanda ngazi moja, akapumzika. Akapanda nyingine, akaegemea ukuta. Nilimfuata nyuma, mikono imetangulia, nikidhani nazuia asianguke. Juu, akaivalisha ile ndoo koti lake. Alikuwa ameishonea kwa kitambaa cha koti la mvua, kwa mishono miwili miwili, na lastiki chini iliyobana kwenye shingo ya mashine hata sindano isipite. Alikuwa fundi hodari. Ndani ya koti lile pampu iliendelea kuvuma, ikivuta na kuchuja, kisha ikivuta tena hewa ile ile iliyokwisha kuichuja yenyewe.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu waliponikabidhi. Jioni naifunika, alfajiri naifunua." Akahema. "Yule mkubwa wenu si alisema hawana nyingine?"

Nilimshika mkono nikamshusha. Nilimwambia viazi vinaungua, na vilikuwa bado havijawekwa jikoni.

Kesho yake nilimweleza Desimali. Alitoa hesabu zote za jioni na usiku, akaacha kompyuta ipatanishe zilizobaki, pamoja na za alfajiri, moshi wa usiku unapokuwa bado umetanda, na tukakaa tukisubiri kama watu walio nje ya wodi. Kiwanda kikatoka na zaidi ya nusu. Desimali akaegemeza paji la uso kwenye meza na kulia, na mimi, ambaye ndiye niliyestahili kulia, nikaanza kumbembeleza.

Mkurugenzi alitusikiliza mpaka mwisho. Sikuwahi kumpenda, ila siwezi kusema alitufukuza. Alifunga mlango.

"Twende tukaseme nini?" akauliza. "Kwamba mlalamikaji aliifunika mashine kila jioni, na shangazi wa mtaalamu ndiye mlalamikaji? Wakili wao atasema kama aliweza kuifunika, aliweza pia kuimwagia majivu mchana. Hesabu nzima inakufa. Na huyo mama atashtakiwa kwa kuharibu ushahidi. Wewe utamweka shangazi yako kizimbani, na mapafu hayo?"

"Tupime upya."

"Kupima upya ni mwaka mzima. Na mashine imeshapangiwa mji mwingine, fundi anakuja kuichukua wiki hii." Akalisogeza faili pembeni. "Ana mwaka huyo mama?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Nikatoka.

Nikaapa kwamba shangazi hatajua. Hilo lilikuwa jambo moja tu lililobaki mikononi mwangu. Atakufa, nikajisemea, lakini atakufa akidhani moshi ulimshinda yeye kama ulivyotushinda sote, wala hatajua kwamba kila jioni alipanda ngazi zile kujinyonga pole pole. Nikapiga moyo konde. Nilijiona nina busara.

Fundi wa vipimo alikuja alasiri, kijana mchangamfu, mwenye soga. Nilikuwa nimelificha lile koti. Akaishusha mashine, akaiweka juu ya meza ya kushonea, na kabla sijamzuia akaifungua tumbo.

"Lo!" akasema. "Mama, hongera sana. Nimeifungua mashine hii kila mji ilikopita, kichujio hutoka cheusi kama lami. Tazama hiki! Kijivu kidogo tu. Haijawahi kurudi safi namna hii. Ulikuwa unaifanyaje?"

Shangazi akafurahi. Niliiona furaha ikimpanda usoni, na alikuwa amekwisha kufungua mdomo ili ajisifu. Kisha akakitazama kile kichujio. Akanyanyua macho akatazama pazia lake mwenyewe, alilolifua juzi, na ukingo wa dirisha, na kipande cha kitambaa cheupe cha mteja alichokuwa akikifunika kwa nailoni kila jioni kisiingie weusi. Mtu aliyeishi na vitambaa maisha yake yote huhitaji kuelezwa nini?

"Hicho," akamwuliza fundi taratibu, "ndicho kinachokamata moshi?"

"Ndicho hicho."

"Na kompyuta ya mwanangu inasoma hapo?"

"Humo humo, mama. Kisichoingia humu, kwao hakipo."

Nilimwambia fundi ameshachelewa, nikambebea mashine mpaka garini. Niliporudi, shangazi alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya meza iliyoachwa wazi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua juzi tu, shangazi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni bomba lile. Moshi ni wao, si wako."

"Bomba nalijua hata nikifumba macho. Nakuuliza kwenye kompyuta. Aliyeuficha moshi wao ni nani?"

Kazi yangu yote, miaka yote hii, ni kulijibu swali la namna hiyo. Nilisema ni mkurugenzi na hotuba yake. Nilisema ni fundi na ratiba yake, ni mimi na Desimali na vitabu vyetu. Niligawa lawama vipande vipande, na kila kipande kilikuwa cha kweli. Yeye alisubiri mpaka nikaishiwa.

"Majiko ya wenzangu yameondolewa kwa ajili ya hesabu ile," akasema. "Na wewe wanakutukana. Nasikia, sijawa kiziwi. Nishike mkono."

"Twende wapi?"

"Nikawaambie ni mimi. Wakuache."

"Shangazi, haitabadilisha kitu. Leseni imeshatoka. Watakuchukia bure."

"Wanichukie mimi. Mimi sina muda mrefu wa kuchukiwa."

Nilikataa. Nikamsihi. Nikamwambia neno likifika kwa wakili wa kiwanda atapelekwa mahakamani, akasema wamwahi. Akajiinua mwenyewe, akashika ukuta, na nilipoona anakwenda kweli, nikampa mkono. Kutoka mlango wake mpaka mlango wa jirani ni pua na mdomo. Tulipumzika njiani mara mbili. Tulipofika, kiwanda kilikuwa kimeshawashwa, na sehemu ya barabara yalipokuwa majiko ilikuwa tupu, imefagiliwa.

Jirani akafungua. Mimi hakunitazama. Alimtazama shangazi, akashtuka, akasogea kumpisha, lakini shangazi akatikisa kichwa kwamba hataingia, atasema hapo hapo. Akafungua mdomo. Pumzi haikuja. Akanyanyua kidole kumwomba jirani angoje, na jirani akangoja, na mimi, niliyeyajua maneno yote aliyotaka kuyasema na niliyekuwa na pumzi ya kuyasema, nikasimama pale nimemshika mkono, nikiomba pumzi yake isije.